Gari na Hema Ndani ya Serengeti: Yanayopaswa Kupangwa Kabla ya Getini

Watu wanaojiandaa kulala hemani Serengeti huuliza kwanza habari za simba. Tairi, maji na vyombo vichafu hukumbukwa mwishoni, kama vikikumbukwa, na hivyo ndivyo vinavyovuruga safari nyingi.

Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Kutoka geti la Naabi hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ni kilomita 45 hivi, lakini barabara ni ya vumbi na kokoto, imejikunja kama bati la paa. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa na kuendesha usiku ni marufuku. Ukijumlisha kusimama kwa tembo wanaovuka na magari yaliyojazana penye chui, panga mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Anayeingia Naabi saa 9 alasiri hana muda wa kuzunguka popote. Aende moja kwa moja kambini, asimamishe hema kungali na mwanga.

Kibali huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo andika saa uliyoingia na upange kutoka kabla haijajirudia, la sivyo utalipia tena. Anayetokea Arusha kupitia Naabi anakatiza kwanza Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kuna malipo yake, kwenda na kurudi. Anayetokea Mwanza kupitia geti la Ndabaka hapiti huko.

Sasa matairi. Beba mawili ya akiba, si moja, kwa sababu kokoto iliyochana la kwanza iko pia mbele ya la pili. Kwenye barabara ya bati, upepo unaojazwa kwa ajili ya lami ni mwingi mno: tairi gumu hudundadunda, gari hutetemeka hadi nati zinalegea. Kama kwenye lami unajaza PSI 38 (kipimo cha upepo wa tairi), shusha hadi 30, ukipima asubuhi tairi likiwa la baridi. Kwenye mchanga mzito au tope unaweza kushuka hadi 20, ila ukishatoka jaza tena palepale. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa, ubavu wake hujikunja kila mzunguko, hupata moto na hupasuka. Kwa hiyo pampu ndogo inayotumia umeme wa betri ya gari, pamoja na kipimo cha upepo, ni vifaa vya lazima.

Jeki nayo ijaribiwe nyumbani, gari likiwa limepakiwa mizigo yote. Wengi hugundua porini kwamba jeki yao haifiki juu ya kutosha, au inazama ardhini badala ya kuinua gari. Kipande cha ubao mgumu cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 3, kinamaliza tatizo la pili. Ukipata pancha, sogea taratibu hadi mahali peupe pasipo nyasi ndefu wala vichaka, hata kama rimu itaumia kidogo. Kwa kawaida kushuka garini nje ya sehemu zilizoruhusiwa ni marufuku, lakini pancha ni dharura: mmoja abaki ndani akichungulia pande zote, na ikiwezekana subirini gari lingine lisimame karibu. Legeza nati kabla ya kuinua gari, si baada. Kisha zikaze tena baada ya kilomita 50, maana mtikisiko wa barabara huzilegeza. Kaza pia vichwa vya betri. Gari linalogoma kuwaka asubuhi baada ya siku ya barabara ya bati mara nyingi lina kasoro hiyo tu.

Maji ni lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia peke yake. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 60, na ongeza 20 za kuoshea na za rejeta. Yagawe kwenye madumu manne ya lita 20. Dumu moja kubwa likisuguana na bolti kwa saa nne hutoboka, na safari inaishia hapo. Mafuta yapo Seronera, lakini usiyategemee kwa mpango mzima: gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 za lami linaweza kufika 17 humo ndani.

Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi, Nyani na Dik Dik, hazina uzio. Zina vyoo na majengo ya kupikia na kulia yaliyozungushiwa wavu, na wavu huo umewekwa kwa ajili yako, si wanyama. Kambi maalumu hazina chochote, si maji wala choo. Kabla ya kusimamisha hema, tazama chini. Kinyesi kibichi na nyasi zilizolazwa kwa mstari maana yake ni njia ya wanyama. Epuka kivuli cha mgunga wenye maganda yaliyokomaa, kwa kuwa tembo huyapenda na huyafuata hata usiku wa manane. Pangusa miiba kwa mkono uliovaa glavu. Mwiba wa mgunga hupenya sakafu ya hema na godoro la upepo kwa pamoja.

Chakula, dawa ya meno na sabuni vilale ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa kabisa. Hemani kusiingie hata ganda la ndizi. Osheni vyombo kabla ya kulala na msizike mabaki, fisi atayafukua. Fisi hubeba pia viatu na vitu vya ngozi vilivyoachwa nje. Zipu za hema zifungwe mpaka mwisho, na ukibanwa na haja usiku, mulika kwanza pande zote kwa usawa wa macho ya mnyama kabla ya kutoka. Macho yanayong'aa yakirudisha mwanga, rudi ndani. Chupa yenye mdomo mpana inaokoa mengi.

Jiko la gesi au mkaa lisiingie hemani hata kwa baridi ya Julai. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu, na anayeivuta usingizini anaweza asiamke. Blanketi la ziada linatosha.

Mbung'o hufuata gari linalotembea na huvutwa na buluu iliyokolea na nyeusi. Vaeni kaki, fungeni vioo kwenye vichaka. Mtu akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, amweleze daktari kwamba alikuwa porini, ili malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ipimwe pamoja na malaria.

Kiangazi, njia zenye nyasi ndefu katikati hujaza majani makavu chini ya gari, hasa kwenye bomba la moshi, na majani hayo huwaka. Kila mnapofika kambini, injini ikishapoa, inama uchungulie na uyatoe kwa kijiti. Mbegu za nyasi zilizoziba rejeta zitolewe kwa brashi laini, la sivyo injini itachemka kwenye mlima wa kurudi Ngorongoro.