Kuzaliwa Athene hakukumfanya mtu kuwa raia

Wengi hudhani kwamba katika Athene ya kale kila mtu huru aliyezaliwa mjini humo alikuwa raia, na kwamba waliokosa haki walikuwa wanawake na watumwa tu. Sivyo. Uraia ulifuata damu, wala si mahali. Na kwa sheria aliyoipendekeza Perikles, kiongozi mashuhuri wa mji huo, mwaka 451 KK, ilibidi baba na mama wote wawili wawe Waathene.

Lysias, mwandishi mashuhuri wa hotuba za mahakamani, alizaliwa humo humo, lakini kwa kuwa baba yake alitoka Sirakusa, mji mwingine wa Kigiriki, alihesabiwa kuwa metoiko, yaani mgeni mkaazi. Wanaume wa kundi hilo walitozwa kodi ya drakma 12 kwa mwaka na waliweza kuitwa vitani, ilhali hawakupiga kura wala kumiliki ardhi bila kibali maalumu. Utajiri haukuondoa kizuizi hicho: familia ya Lysias ilikuwa na karakana ya ngao na watumwa wapatao 120.

Ajabu ni kwamba sheria hiyo ilimrudia Perikles mwenyewe. Mtoto aliyemzaa na Aspasia, mwanamke wa mji wa Mileto, hakuwa raia, hadi Waathene walipomkubali kwa idhini ya pekee, baada ya tauni kuwaua wanawe wawili wa ndoa.