Moshi wa mlangoni na sikio la mtoto

Kazi yangu hapa Goma ni kutibu masikio, pua na koo, na swali la sigara mara nyingi ninaliuliza kwa ajili ya mgonjwa ambaye bado hajajua hata kuzungumza. Juzi mama mmoja alimleta kwa mara ya tatu mwanawe wa miaka miwili, sikio la kulia likitoa usaha. Koti la baba, alilofunikwa nalo kwa sababu ya mvua, lilinuka tumbaku. Baba alijitetea kwa adabu: "Docta, mimi huvutia mlangoni."

Mlangoni hapatoshi. Sikio la kati huungana na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, ambao kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Moshi huvimbisha utando wake na kulegeza vinyweleo vinavyosukuma ute, hivyo majimaji hukwama nyuma ya ngoma ya sikio na vijidudu hupata pa kuzaliana. Moshi huohuo huchochea pumu na nimonia, na kwa mtoto mchanga huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Mtu mzima asiyevuta naye hasalimiki: akiishi na mvutaji, hatari yake ya ugonjwa wa moyo hupanda kwa takriban asilimia 25 hadi 30.

Sehemu kubwa ya moshi huo haitoki kinywani mwa mvutaji, bali kwenye ncha ya sigara inayoungua yenyewe, bila kupita kwenye kichujio. Katika nyumba zetu za mbao, ambamo chumba hugawanywa kwa pazia, moshi wa mlangoni huingia kwenye nyufa na kumfikia mtoto kitandani. Kufungua dirisha hupunguza harufu kuliko hatari. (Moshi wa mbabula, jiko la makaa, nao una makosa yake, na huwa ninauulizia pia.)

Basi nilimwomba baba, mpaka atakapoweza kuacha kabisa, avutie mbali na nyumba, koti lake alitundike nje, wala asivute garini hata vioo vikiwa wazi. Alikubali. Mama ndiye aliyebaki na neno: baba mkwe akija kuwatembelea huvuta sebuleni, naye hawezi kumkataza mzee. Nilichukua karatasi ya dawa nikaandika, chini ya matone ya sikio, kwamba mtoto huyu amekatazwa kukaa penye moshi, nikatia sahihi na muhuri, ili lawama ziniangukie mimi.