Kabla Hujanunua Pampu Mpya ya Mafuta, Pima Umeme Unaoifikia

Katika karakana ya chuo chetu cha ufundi hapa Tabora tumekuwa tukiletewa magari madogo ya petroli ambayo yamekwisha kubadilishwa pampu ya mafuta mara moja, na wakati mwingine mara mbili, lakini bado yanazimika njiani. Tunapoichukua pampu ya kwanza, ile iliyotupwa kwenye buti, na kuipima, si mara chache tunaikuta nzima. Kilichoharibika ni njia ya umeme inayoiendesha, na makala haya yanaeleza namna ya kuikagua njia hiyo kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Gari la petroli ambalo nozeli zake zinaongozwa na kompyuta huwa na pampu ya umeme ndani ya tanki. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), ndipo huifikia pampu na kurudi kupitia waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi. Rilei haijiamulii kuwaka, kwa kuwa katika magari mengi hupokea amri ya kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi. Swichi inapofunguliwa, kompyuta huiendesha pampu kwa sekunde 2 hivi ili kujenga presha, kisha huikata mpaka ipate taarifa kwamba injini inazunguka. Utaratibu huo umewekwa kwa usalama, ili gari likipata ajali na injini ikasimama, petroli isiendelee kusukumwa kwenye bomba lililopasuka. Ndiyo maana sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ikifa, pampu nayo hunyamaza ingawa haina ubovu wowote, na katika hali hiyo utakuta hata moto wa plagi za injini haupo.

Ukaguzi huanza kwa sikio. Mtu mmoja afungue swichi bila kupiga stata, mwingine asikilize karibu na siti ya nyuma au mdomo wa tanki kama kuna mvumo mfupi. Ieleweke kwamba baadhi ya Toyota za zamani hazitoi mvumo huo mpaka stata ipigwe, kwa hiyo ukimya peke yake usiihukumu pampu. Baada ya hapo fyuzi itazamwe, na rilei ibadilishane nafasi na nyingine ya aina ileile kabisa, kwa mfano ya honi, ikiwa gari linayo. Mlio wa rilei usikudanganye: unathibitisha tu kwamba koili, yaani sumaku ya umeme iliyo ndani yake, imevuta, wala hauthibitishi kwamba vidole vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme, ambavyo huungua polepole kwa miaka, bado vinaupitisha wa kutosha.

Hatua inayorukwa sana ndiyo yenye majibu. Mafundi wengi huchomoa plagi ya pampu (pale nyaya zake zinapochomekwa), huweka mita, huona volti 12, na hutamka kwamba umeme upo na pampu imekufa. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu nzima utaonyesha volti 12 vilevile, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Pampu yenyewe huvuta ampea kadhaa, na ni pale inapovuta ndipo udhaifu wa waya hujitokeza. Kwa hiyo plagi ibaki imechomekwa, pampu iwe inafanya kazi, na ncha za mita ziingizwe kwa nyuma ya plagi.

Gari moja lililotoka upande wa Urambo lilitupa mfano mzuri. Betri ilikuwa na volti 12.2 wakati pampu ikivuta, lakini kwenye plagi ya pampu tulipata 8.2 tu. Tulipopima kutoka upande chanya wa betri hadi waya wa kupeleka umeme kwenye pampu, zilipotea volti 0.4, jambo la kuvumilika. Tulipopima kutoka waya wa ethi wa pampu hadi upande hasi wa betri, zilipotea volti 3.6. Skrubu ya ethi chini ya siti ilikuwa imeshika kutu iliyofunikwa na tope kavu. Ilisuguliwa, ikakazwa, na gari likaondoka na pampu yake ileile. Kwa kawaida upotevu ukizidi nusu volti upande wowote, tafuta sababu. Hata hivyo, yapo magari ambayo pampu hupunguziwa kasi makusudi kwa kizuizi au moduli yake, na volti chache wakati wa sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, si kosa kwa magari hayo. Hakikisha kwanza unajua gari lako ni la aina gani.

Fyuzi inayoungua mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala isiungwe kwa waya. Petroli ya madumu yenye vumbi huziba chujio la mafuta, pampu hukazana, huvuta ampea nyingi kuliko kawaida, na hatimaye plagi huyeyuka. Kuendesha kila siku tanki likiwa karibu tupu huongeza madhara, kwa kuwa mafuta yenyewe ndiyo yanayoipoza pampu.

Kabla tanki halijafunguliwa, waya hasi wa betri uondolewe, kazi ifanyike nje penye hewa, na kizima moto kiwe karibu. Majaribio yanayoweza kutoa cheche yafanyike kwenye boksi la fyuzi, mbali na mdomo wa tanki.

Na gari likikuzimikia kati ya Kaliua na Uvinza, kisha likawaka lenyewe baada ya kupoa, andika lilikuwa limetembea muda gani, mafuta yalikuwa kiasi gani, na kama mshale wa mizunguko ya injini ulitikisika ulipopiga stata. Mpe fundi maelezo hayo kabla hajashika spana.