Kabla ya Kununua Vitabu vya Masomo ya Nyumbani, Anza na Silabasi

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, dawati letu la watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaofanya mtihani bila kusomea shuleni, hupokea malalamiko yaleyale: mzazi amemsomesha mwanawe nyumbani kwa miaka mitatu au minne, tena kwa bidii, kisha anagundua kwamba alichofundisha na kinachotahiniwa ni vitu viwili. Wazazi hawa si wazembe. Wengi walianza na vitabu, wakatafuta mtihani baadaye. Tunaomba utaratibu huo ugeuzwe.

Mtaala unasema mtoto afike wapi. Silabasi ya somo inasema nini kitapimwa, katika karatasi ngapi na kwa mwaka gani. Azimio la kazi linagawa hayo yote kwa wiki. Kitabu, video na programu ya kompyuta ni vifaa vya kufikia huko, na hakuna kifaa kinachoweza kushika nafasi ya silabasi. Tumeulizwa mara nyingi mno: "Mtoto wangu amemaliza masomo yote ya mtandaoni, mbona bado mnataka silabasi?" Khan Academy ni bure na masomo yake ya hisabati yamepangwa vizuri, lakini haimsajili mtu kwa mtihani wa bodi yoyote. Vivyo hivyo Montessori, ambayo nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Roma mwaka 1907, ni njia ya kufundisha, na ni njia nzuri. Cheti cha sekondari hakitoki humo.

Mama mmoja alituwekea mezani kitabu kinene cha hisabati, kila ukurasa umepigiwa mistari ya penseli, na majibu ya binti yake pembezoni yalikuwa nadhifu ajabu. Kilikuwa kitabu cha Cambridge IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari, namba ya somo 0580, lakini cha silabasi ya zamani. Kuanzia mitihani ya 2025, somo hilo lina karatasi ambayo mtahiniwa haruhusiwi kutumia kikokotoo. Binti yule hakuwahi kugawanya desimali kwa mkono. Mada alizijua, ila kikokotoo kilikuwa kimemfanyia sehemu ya kazi kwa miaka yote hiyo. Jalada la silabasi ya Cambridge hutaja miaka ya mitihani inayohusika. Lisomwe hilo kwanza, kisha ndipo bei ya kitabu iulizwe.

Masomo ya sayansi yanahitaji uangalifu wa peke yake, na hapa tunasema wazi kwa sababu watu hawapendi kulisikia. Baiolojia ya IGCSE, namba 0610, inampa mtahiniwa njia mbili za kupimwa vitendo: mtihani wa maabara, au karatasi ya maandishi inayochukua nafasi yake. Anayesomea nyumbani kwa kawaida huelekea hiyo ya pili. Isidhaniwe kwamba karatasi hiyo hujibiwa kwa kukariri. Huuliza namna ya kuchora kielelezo, kusoma kipimo, kupanga jedwali na kueleza kosa katika jaribio, na mtoto ambaye hajawahi kushika kipimajoto hukwama hapo. Kwa hiyo kifurushi cha majaribio mepesi si anasa. Diploma ya IB (International Baccalaureate), cheti cha kimataifa cha kumaliza sekondari, nayo hutolewa kupitia shule zilizoidhinishwa tu. Mzazi hawezi kuiendesha mwenyewe nyumbani, hata akiwa na vitabu vyake vyote.

Kwa watoto wadogo, mzazi ana uhuru zaidi. Angalizo moja: vitabu vingi vya kufundishia kusoma vimetungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho tahajia yake inasumbua. Mtoto anayeanza kwa Kiswahili, chenye irabu tano na tahajia inayofuata sauti, anahitaji silabi, hadithi fupi na mazoezi ya kila siku. Hana haja ya miaka miwili ya kanuni za lugha nyingine.

Sheria zinatofautiana, nasi hatuwezi kumshauri mtu kinyume na za nchi anakoishi. Ujerumani inamtaka mtoto ahudhurie shule. Ufaransa, tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2022, inataka kibali cha awali. England inaruhusu, na haimlazimishi mzazi kufuata mtaala wa taifa. Thibitisha kwanza kwa mamlaka ya elimu, kwa maandishi.

Sasa usajili. Bodi hazimpokei mtahiniwa moja kwa moja. Kituo cha mtihani ndicho kinachomsajili, na kituo kina haki ya kukataa. Ulizia kituo mwaka mmoja kabla, na uliza karatasi zipi hasa kinazifanyisha. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti au cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Anayechelewa hutozwa ada ya nyongeza, na tarehe ya mwisho ikipita husubiri awamu inayofuata. Udanganyifu, ikiwemo kumtuma mtu mwingine afanye mtihani, unaweza kufuta matokeo na kumzuia mtahiniwa asifanye mitihani ya baadaye. Katika hilo hatuna nafasi ya kusikiliza ombi.

Ukishapata silabasi na kituo, chukua karatasi moja ya mtihani uliopita pamoja na mwongozo wake wa kusahihisha. Mweke mtoto mezani, tazama saa, usimsaidie. Maswali atakayoyakosa ndiyo yatakayokuonyesha vitabu vya kununua.