Tawi la kafara kwenye bonsai ya mutuba ni kitu gani

Wengi wanaoanza bonsai, yaani mti halisi unaofanywa mdogo kwenye poti, hapa Kampala wana tabia moja, mche ukishaingia tu kwenye poti makasi haitulii, wanakata huku wanakata kule ili uonekane bonsai leoleo, alafu miaka inapita shina bado nene kama kalamu na wanaanza kulaumu udongo. Udongo hauna kosa. Kila ukikata unapunguza majani, na majani ndo yanalisha shina.

Sasa tawi la kafara ni tawi unaloliacha kwa makusudi lijikulie linavyotaka, ncha huigusi, ukijua toka mwanzo kwamba kwenye mti wa mwisho halitakuwepo. Kazi yake ni kunenepesha, ikiisha linaondoka.

Inakuwaje? Majani yanatengeneza chakula kwa jua, chakula kinashuka kupitia ganda la ndani kwenda mizizini, na njia nzima hiyo shina linaongeza mbao. Kwa hiyo kinachonenepa ni kile kilicho chini ya tawi, kilicho juu yake hakipati kitu cha maana. Ndo maana wenye uzoefu wanaliacha chini karibu na udongo, pale chini panatanuka, juu panabaki pembamba, na huo mchongoko ndo unafanya mti wa sentimita 40 uonekane mzee kweli. Likiwa juu sana utapata unene sawa toka chini mpaka juu, na hiyo kuirekebisha baadaye ni kukata shina lenyewe.

Mutuba, ambao kisayansi ni Ficus natalensis, unafaa sana kwa mchezo huu. Ndo mti uleule Baganda wanautoa ganda kutengeneza olubugo, kitambaa cha ganda la mti, wanaubandua ganda zima la shina wakati wa mvua, wanaufunga majani ya migomba na ganda linarudi (kazi yenyewe UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2008). Mti unaovumilia hivyo hauogopi msumeno wako. Alafu sisi tuko kwenye ikweta, hakuna baridi ya kuusimamisha miezi mizima kama kwa Wajapani, ukipata maji unakua tu mwaka mzima, ila mimi kazi kubwa ningeisubirisha mpaka mvua za Machi au za Septemba zishike.

Matawi mengine, yale utakayobaki nayo, hayaachwi yakimbie. Yakifika majani sita mpaka nane unarudisha kwenye mawili au matatu, ncha ikiondoka ile homoni iliyokuwa inazuia macho ya pembeni (pale machipukizi yanapotokea) inapungua na macho yanaamka. Kafara yenyewe ichague nyuma ya mti ili kovu lisionekane mbele, na majani yake ya karibu na shina yatoe, bakiza kichaka huko mwishoni, manake likiwafunika wenzake jua watakauka na hao ndo uliokuwa unawataka. Kitu kingine, mti uwe ardhini au kwenye ndoo kubwa. Ile sahani ya bonsai inakuja mwisho kabisa, baada ya shina, baada ya matawi makubwa, baada ya vitawi vidogo, ukiuweka humo mapema unene umeusimamisha mwenyewe.

Siku ya kulikata utaona maziwa meupe yanatiririka, yanawasha ngozi ya wengine na machoni ni balaa, nyunyizia maji mpaka yakate alafu paka dawa ya vidonda vya miti. Usingoje tawi lilingane unene na shina, hapo kidonda kinachukua miaka kufunga. Na kama wako ni Ficus benjamina, ule wa kwenye maofisi, kuwa mpole kwenye matawi unayobaki nayo, tawi ukiliacha bila jani hata moja mara nyingi linakufa, mutuba wenyewe unachipua hata kwenye mbao tupu.

Kafara ikishatoka unenepaji wa pale chini unapoa sana, kwa hiyo kama hujaridhika na unene usiguse kwanza. Ukikata alafu ukaona bado, subiri, pembeni ya kidonda mutuba kwa kawaida utatoa machipukizi yenyewe, chagua moja uliache likimbie upya.