Nyangumi hakuzaliwa na kiboko, wala Ziwa Victoria halikuwa bahari

Huku Mwanza samaki tunawajua. Nyangumi tunamsikia kwa mbali, na maneno mengi juu yake yameota mizizi bila mtu kuyapima. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi, mwaloni na hata madarasani.

“Nyangumi ni samaki, amezidi ukubwa tu.”

Si samaki. Ana mapafu, anazaa na kunyonyesha, na akishindwa kupanda juu kuvuta hewa anakufa maji. Mtazame sangara anavyoogelea: mkia unakwenda kushoto na kulia. Wa nyangumi unakwenda juu na chini, kwa sababu uti wake wa mgongo unapinda kama wa mnyama anayekimbia kwa miguu minne. Alirithi mwendo huo kutoka nchi kavu.

“Basi alitokana na kiboko.”

Hapa kuna nusu ya ukweli. Vipimo vya vinasaba vinaonyesha kwamba kati ya wanyama wote walio hai, ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo ni kiboko, huyu huyu anayetuharibia mashamba kando ya ziwa. Lakini nyangumi wa kale kabisa wana umri wa miaka milioni 50 hivi, na viboko walitokea mamilioni mengi ya miaka baadaye. Kule Lokone, Turkana, yamepatikana mabaki ya Epirigenys, mnyama wa miaka milioni 28 iliyopita, na hata yeye alikuwa bado hajawa kiboko kamili. Aliyekuja nyuma hawezi kumzaa aliyetangulia. Wote wawili wana babu mmoja, mnyama wa kwato aliyeishi nchi kavu.

“Wanyama wa katikati, kati ya yule wa nchi kavu na nyangumi, hawajawahi kuonekana.”

Hili linanisikitisha kuliko yote, maana ni nadra kupata kundi la wanyama lenye visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vilivyopangika hivi. Pakicetus wa Pakistan alikuwa na miguu minne na ukubwa wa mbwa, akiishi kandokando ya vijito, lakini mfupa wa sikio lake una unene ambao leo tunaukuta kwa nyangumi na pomboo. Nchini Misri, kwenye bonde la Wadi al-Hitan ambalo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2005, mifupa ya nyangumi imelala wazi mchangani. Mmoja wao ni Basilosaurus, mwenye urefu wa mita 15 na zaidi. Mwaka 1990 watafiti walitangaza kwamba alikuwa na miguu ya nyuma yenye goti, kifundo na vidole, mifupi mno kwa mwili ule hata haikuweza kumbeba.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatosha kiganjani. Tenganisha mguu wa nyuma wa mbuzi pale kwenye kifundo, utakuta mfupa mdogo wenye mfereji juu na mfereji chini, kama kapi mbili zilizounganishwa. Mfupa wa namna hiyo wanao wanyama wa kundi moja tu: mbuzi, ng'ombe, nguruwe, twiga, kiboko na wenzao. Mwaka 2001 mfupa huo huo ulitangazwa kutoka kwenye visukuku vya nyangumi wa Pakistan wa miaka milioni 47 hivi. Philip Gingerich, mmoja wa watafiti walioutangaza, awali aliamini nyangumi walitoka kwenye ukoo mwingine wa wanyama walao nyama. Alipouona mfupa, aliiacha dhana yake. Hivyo ndivyo sayansi inavyopaswa kufanywa.

“Nyangumi, sili na nguva ni ukoo mmoja.”

Hapana, kila mmoja aliingia majini kwa njia yake. Sili ni jamaa wa dubu na fisi maji. Puijila, kisukuku kilichopatikana Kanada mwaka 2007, bado alikuwa na miguu ya kutembelea. Nguva ni jamaa wa tembo, na pia wa pimbi. Ndiyo, hawa pimbi wanaoota jua kwenye mawe ya kisiwa cha Saanane.

“Ziwa letu lilikuwa bahari, ndiyo maana kuna makombe ufukweni.”

Makombe hayo ni ya konokono na kome wa maji baridi. Wengine huongeza kwamba nyangumi alikutwa Turkana, na hilo ni kweli: mwaka 1964 fuvu lilipatikana Loperot, kilomita 740 hivi kutoka pwani ya leo. Likaja kupotea kwenye hifadhi kwa miaka mingi, hadi lilipoonekana tena Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2011. Lakini haina maana kwamba bahari ilifika pale. Miaka milioni 17 iliyopita nyangumi yule aliingia mtoni akapanda na maji hadi akakwama. Nyangumi hapandi maporomoko, kwa hiyo nchi ile wakati huo ilikuwa tambarare, chini karibu na usawa wa bahari. Leo iko mita 620 juu. Fuvu hilo likawasaidia wanajiolojia kukadiria ni lini Afrika Mashariki ilianza kuinuka.

Ziwa Victoria lilikuja baadaye sana, miaka 400,000 hivi iliyopita, pale ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikielekea huko. Na kwa kuwa kina chake hakizidi sana mita 80, limeshawahi kukauka, mara ya mwisho kuelekea mwisho wa enzi ya barafu.