Sade hakuwa muuaji

Wengi huamini kwamba Marquis de Sade, mwandishi Mfaransa ambaye jina lake limegeuka neno la kufurahia mateso, alikuwa muuaji. Sivyo. Wala tusimsafishe: mwaka 1768 alimchapa mijeledi Rose Keller, mjane ombaomba ambaye Sade alimhadaa kwa ahadi ya kazi. Mauaji yake, hata hivyo, yaliishia kwenye karatasi: riwaya iliyoandikwa kwenye mkunjo wa karatasi wa takriban mita 12, herufi ndogo kama sisimizi, alioujaza mwaka 1785 akiwa gereza la Bastille. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, Sade akiwa na cheo katika kamati ya mtaa wake Paris, wakwe zake waliangukia mikononi mwake, akiwemo mama mkwe aliyewahi kumfungisha. Angeweza kuwamaliza. Akawanusuru. Miezi michache baadaye akafungwa tena, safari hii kwa kushtakiwa kuwa na msimamo laini mno katika Mapinduzi.